Fundi Aliyelipaka Gari Mafuta ya Papa

Taabu ilinianza mwaka 1948, umri wangu miaka ishirini na miwili. Mume alinipa talaka kabla ya Ramadhani, na Idi haijapoa baba yangu akafa. Tukabaki wawili, mie na mdogo wangu Mbarouk, katika nyumba ya makuti Ng'ambo, upande wa Kikwajuni, paa linavuja na mlango hauna komeo. Skuli nilikwenda mpaka darasa la pili. Herufi nnazijua, na haya nnayaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Anayetaka maneno ya mapambo akatafute kwa mwengine.

Nilikwenda Funguni kwa wauza papa nikaomba maini waliyokuwa wakiyatupa. Maini ya papa ukiyakata ukayatia ndani ya pipa juani, kisha ukayapasha kwa moto mdogo, hutoa mafuta mazito ya manjano yenye harufu ya kumfukuza shetani. Mafuta hayo tunayaita sifa. Wenye majahazi huyapaka mbao zao zisioze. Wanawake wenzangu walikuwa wakiziba pua nnapopita Darajani.

"Shoga, umeoga leo?" wananiuliza.

"Nimeoga, na nimekula pia. Weye je?"

Mnunuzi wangu mkubwa hakuwa mwenye jahazi. Alikuwa fundi wa magari Malindi, hapa hapa mjini, na mie sikuwahi kumwita ila Fundi. Kazaliwa wapi, babu yake nani, hayo sikumuuliza na yeye hakunambia. Jina lake nalijua, lakini wanawe wapo na hawakunikosea kitu, silitaji. Mtu huyu ndiye aliyenilisha miaka yangu mibaya, na maneno yake machache mbele ya hakimu ndiyo yaliyomfunga ndugu yangu. Nnaandika yote mawili. Sitalifuta moja kwa ajili ya jengine.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, kidevu kimejaa mvi kabla ya wakati. Kabla ya kushika magari alikuwa mkalafati, mtu wa kuziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta, na ukalafati haukumtoka. Gari ikiletwa hafungui boneti. Anaizunguka kwanza, anaigonga kwa kifundo cha kidole toka mbele mpaka nyuma, kichwa kakiinamisha, kama anavyogonga mbao za chombo kutafuta iliyooza. Wenye magari walikuwa wakicheka pembeni.

"Fundi, hiyo gari haiendi Bombay!"

"Na weye huendi popote mpaka nimalize. Kaa kitako."

Hakuwa na adabu na wenye mali. Niliwahi kumkuta Bwana mmoja mkubwa, kanzu nyeupe, bakora ya fedha, kasimama juani anangoja. Fundi yuko chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Bwana anasema, "Fundi, mie nnaondoka." Miguu ikajibu, "Ondoka, gari itabaki." Bwana akabaki. Lakini nikija mie na madebe yangu, nanuka kama soko zima, alikuwa akitoka chini, anajifuta, ananipokea debe kwa mikono miwili. "Karibu, Mwanaidi. Umepumzika njiani? Huja peke yako na mizigo yote hii?" Hakunizibia pua hata siku moja. Kwa hilo tu ningemuuzia mafuta kwa hasara.

Alipotaka kwenda msikitini ilikuwa kazi. Mafuta yakiganda mwilini maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi, na yeye alikuwa mtu wa mafuta kutwa. Akijisugua kwa jivu na mchanga mpaka mikono inachubuka. Mkewe akimsema, "Utabaki mifupa." Anamjibu, "Mifupa nayo itatia udhu." Mdomo wake ulikuwa mchafu kwenye kazi na safi kwenye sala, na sikuona akichanganya.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hakujua kuendesha. Hata kupanda alikuwa hapendi. Magari yote aliyoyafufua, alituma watu wengine wayajaribu, yeye kasimama barazani anasikiliza mlio. Safari zake alikwenda kwa miguu. Nikamuuliza kwa nini.

"Mie nalala chini yake. Juu yake pana watu wao," akasema.

Na hakuwa na neno "sijui." Akiulizwa asichokijua alikuwa anaagiza kahawa. Muuza kahawa akigonga vikombe vyake pale gereji, mafundi wenzake walikuwa wakikonyezana: kuna kitu kimemshinda Mzee. Anakunywa, anatazama njia, halafu anarudi kazini kama vile swali halikuulizwa. "Nimekosea" nayo sikuisikia kinywani mwake miaka yote ya Malindi. Kitu kikiharibika kwake alikuwa analaumu chuma. "Chuma cha siku hizi hakina malezi," husema, na yamekwisha.

Sasa nieleze gari yenyewe, maana bila ya gari hii Fundi hasimuliki.

Baada ya vita vikubwa meli zilianza kuleta kigari kipya kutoka Uingereza, kidogo, cha mviringo, mgongo umeinama nyuma. Watu wa mjini wakakiita Kobe. Magari makubwa ya matajiri yalikuwa yakiishia mdomoni mwa vichochoro vya Mji Mkongwe, lakini Kobe aliingia pengi, na kwa dereva mwenye macho alitoka pia. Basi wenye nyumba wakaanza kumnunua kwa ajili ya familia. Bwana anabaki na gari lake kubwa la kwendea kazini, Kobe ni wa kina mama. Na gari ya kina mama, zama zile, lazima iwe na mapazia. Mke wa Fundi ndiye aliyekuwa akiyashona: kitambaa kizito kwenye vioo vya nyuma, na chengine kati ya dereva na viti vya nyuma, ili mwanamke wa heshima apite Darajani mpaka Bububu na asionekane ukucha.

Siku Kobe wa kwanza alipofika Malindi, nimo nnateremsha madebe, Fundi akaniita kwa furaha sijawahi kumwona nayo.

"Njoo, Mwanaidi, njoo umwone mgeni! Unauona ukanda huu katikati ya boneti? Na bampa hili, unaona limekatwa likaungwa? Unajua kwa nini?"

"Imegongwa."

"Imegongwa wapi! Imeshuka juzi. Kanambia injinia wa meli. Aliyeibuni gari hii aliimaliza, akaitazama, akaiona nyembamba. Imemkera. Akataka msumeno. Wakaipasua kichwa mpaka mkia, nusu huku, nusu huku, na yeye kasimama anaamrisha: sogeza, sogeza, rudisha kidogo, hapo! Zikaungwa. Mabampa yalikuwa yeshatengenezwa, yakawa mafupi, ndo yakakatwa yakatiwa kiraka."

"Basi alikosea kwanza."

"Alikosea," akasema Fundi, kama anayemsifu bwana harusi. "Alikosea, akataka msumeno! Huyo ndiye mtu."

Kila Kobe mpya aliposhuka bandarini Fundi alilala chini yake kumsoma. Alijua lini taa zilipohama. Za mwanzo zilikuwa chini karibu na pua, baadaye zikapandishwa juu ya madgadi, mabati yanayofunika magurudumu. Alijua injini ya kwanza ilikuwa ya kizee, imerithiwa kutoka kwa gari la kabla ya vita, na alifurahi ilipokuja ya pili yenye nguvu. Vile vibawa vilivyotoka ubavuni kuonyesha gari inapokata kona alivipenda kama mtoto. Akivifungua na kuvifunga, tak, tak, mpaka mwenye gari anakohoa. Kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili, mwishoni kikawa kimoja. "Anakua," alisema Fundi. "Bado anakua huyu."

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuwa chini, ambako hakuna atazamaye. Vigari vya kabla ya vita vilikuwa na vyuma viwili virefu kama uti wa mgongo, na bodi imewekwa juu yake kama godoro juu ya kitanda. Breki zake zilikuwa vyuma na waya: unakanyaga, chuma kinavuta waya, waya unabana gurudumu. Kobe hakuwa na uti wa mgongo. Bodi yake ndiyo mifupa yake. Ikioza sakafu, imeoza gari. Na breki zake zilikwenda kwa maji maji yanayosukumwa ndani ya vibomba vya chuma, na karibu na magurudumu, ambako pana kukunjika na kunyooka, bomba linageuka kuwa mpira.

Chumvi ya bahari yetu inakula chuma kama mchwa. Fundi aliwapaka wale wa zamani sifa chini kote, akasugua kila waya, na waya zilidumu. Akaona Kobe asiye na mgongo anahitaji sifa zaidi. Basi akampaka mara mbili ya wenzake. Na ile mipira ya breki aliishughulikia peke yake, kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemkanda mzazi. Alifikiri mpira ni kama kamba ya jahazi, kama ngozi ya kiatu, usipoupa mafuta utakauka upasuke. Mkalafati yeyote angefikiri hivyo. Mie pia nilifikiri hivyo. Mji mzima ulifikiri hivyo, na kila mwenye Kobe aliyejiona anajali gari yake aliileta Malindi kabla ya masika ipakwe. Madebe yangu yakawa hayatoshi. Nikabadilisha paa. Nikatia komeo mlangoni.

Na Mbarouk akapata kazi. Alikuwa na mkono mwepesi wa usukani. Mwenyewe Fundi, asiyemsifu mtu, alisimama barazani siku Mbarouk alipotoa Kobe katika kichochoro cha Hurumzi kinyumenyume bila ya kugusa ukuta, akasema, "Huyu anaendesha kwa ngozi." Akampeleka kwa Bwana mmoja wa Vuga mwenye mashamba aliyekuwa anatafuta dereva wa kina mama wa nyumba yake. Mbarouk akanunua kofia. Akawa anasema, "Dada, mwaka ujao nakutia ndani ya Kobe, pazia na kila kitu, nakuzungusha mpaka Mangapwani."

"Harufu yangu itaharibu mapazia."

"Tutafungua vioo. Wacha nchi nzima ijue Bi Mwanaidi anapita."

Ajali ilikuwa mchana kweupe, siku ya kiangazi, njia kavu. Kina mama wa Vuga walikuwa wametoka shamba, Mangapwani: mama yake Bwana, mke wake, na kijukuu cha kike kimepakatwa na bibi. Kwenye mteremko kabla ya Bububu Mbarouk akakanyaga breki na ikazama mpaka chini, laini, kama anayekanyaga tope. Akakanyaga tena. Akavuta breki ya mkono, ikatoa harufu ya kuungua na gari haikusimama. Chini pana daraja dogo, na juu ya daraja punda na mtu wake. Akamkwepa mtu akaingia kwenye ukuta wa mawe. Bibi alifariki pale pale, na kile kitoto kikafariki njiani kupelekwa hospitali.

Kortini mkaguzi alisema mpira wa breki umekutwa umepasuka, na umepasuka kwa kishindo cha kugonga. Mbarouk alisema breki ilizama kabla. Nani mwengine wa kusema? Mke wa Bwana akaja na ushungi wake, akalia, akasema kweli aliyoijua.

"Sisi tulikuwa nyuma ya pazia. Hatukuona kitu. Nilisikia dereva anataja Mungu, basi."

Nilikuwa nimekwenda Malindi mapema kumwomba Fundi. Nilitaka aje aseme Mbarouk ni dereva mwangalifu, kwa sababu neno lake lilikuwa na uzito mjini kuliko la wakili. Alikuja. Kavaa kanzu ya Ijumaa, mikono kaisugua mpaka inavuja damu. Akashika Msahafu akaapa. Akasema Mbarouk ndiye dereva bora aliyemjua. Nikashusha pumzi.

Kisha hakimu Mzungu akamuuliza kwa mkalimani: gari hii uliishughulikia wewe? Ndiyo. Lini? Wiki tatu nyuma. Breki zake zilikuwa nzima?

Pale angeweza kusema, breki ni kitu cha kuharibika. Angeweza kusema, Mungu anajua. Alijinyoosha, nikamwona anakua mrefu.

"Gari iliyotoka mkononi mwangu ni nzima."

Mkalimani akageuza maneno yale. Kalamu ya hakimu ikaandika. Mbarouk alimtazama Fundi, halafu akautazama mguu wake wa kulia, na sikumwona tena akitazama kitu chengine siku ile. Alifungwa miaka mitatu na leseni ikafutwa.

Sikumchukia Fundi wakati ule. Nataka mlielewe hili. Aliapa kwa alichokiamini, nami nilikiamini. Nilidhani mkaguzi ndiye mwongo. Nikaendelea kumpelekea mafuta, kwa sababu nilikuwa na tumbo la kulisha na mfungwa wa kumpelekea chakula. Fundi alipokea madebe kama kawaida, ila hakuniuliza tena kama nimepumzika njiani.

Kiasi cha mwaka baadaye nikamkuta barazani, gereji imefungwa nusu.

"Sichukui tena, Mwanaidi."

"Leo, au?"

"Tena."

"Nimekukosea nini?"

"Hujakosea. Nimepata njia bora."

Akanigeuzia mgongo. Nikabaki na madebe yaliyojaa na hakuna wa kumuuzia. Nilimlaani njia nzima mpaka Funguni, na sina haya kusema.

Baada ya hapo watu wakaanza kunisimulia mambo ya ajabu. Fundi anakwenda nyumba kwa nyumba. Fundi kaonekana Vuga, kaonekana Shangani, kaonekana Mbweni kwa miguu, na ndoo na sabuni ya magwanji ya kufulia. Anagonga mlango wa kila mwenye Kobe, anamwambia gari inataka kusafishwa chini, hataki malipo. Analala chini juani anasugua sifa yote aliyoipaka mwenyewe kwa miaka. Kisha anaitoa mipira ya breki na kutia mipya aliyoinunua kwa fedha yake. Wakimuuliza sababu anasema, "Njia bora." Waliokuwa na Kobe shamba aliwafuata shamba. Mkewe aliuza cherehani. Mji ukasema Mzee keshachanganyikiwa, na wenye magari, watu wa ajabu, wakaanza kumhama, kwa sababu hakuna amwaminiye fundi anayefanya kazi bure. Mwishowe gereji ikafungwa, akahama mjini, na wapi sikuuliza.

Mie nikadhani kweli kachanganyikiwa. Sikuunganisha. Akili yangu ilikuwa jela na ndugu yangu.

Mbarouk alitoka kabla ya miaka yake kwisha, kwa ajili ya tabia njema. Heri wasingemtoa kwa tabia njema, labda angetoka na hasira. Alitoka mpole. Akapata kazi ya uchukuzi bandarini. Mtaani wenzake wa zamani walimsalimu kwa mbali, na mama mmoja wa Vuga alivuka njia asikutane naye. Hakulalamika. Akikaa kitako aliukunja mguu wa kulia chini yake kana kwamba ni wa mtu mwengine, yeye kapewa tu autunze.

"Mbarouk, breki ilizama. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema."

"Basi?"

"Fundi kasema ilikuwa nzima, Dada. Labda nilikanyaga pembeni. Mguu uliteleza, mie nikadhani breki." Akaupiga mguu kwa kiganja, polepole. "Huu. Huu ndio uliomuua mtoto wa watu."

Hakuoa. Nilimtafutia, akakataa. Alisema nani ampe mtoto wa kumpakata.

Biashara yangu niliigeuza. Sifa haikuwa na soko, nikaingia kwenye papa mwenyewe, mkavu, wa chumvi, nikawa nafuata vijijini kununua. Mwishoni mwa miaka hiyo nilikwenda Fumba kununua mzigo, na Mbarouk nikamchukua anibebee. Tulipokuwa tunatoka pwani na vikapu, tukapita nyumba ya udongo, na kizingitini kakaa mzee aliyekonda, miguu imevimba, blanketi mabegani na jua kali. Sikumjua. Mbarouk ndiye aliyemjua.

"Shikamoo, Fundi."

Mzee aliinua uso.

"Marahaba." Akamtazama Mbarouk kuanzia kichwani, akafika miguuni, akasita. "Tua mzigo, mwanangu. Kaa. Weye Mwanaidi, kaa na weye, hili lenu wawili."

Tukakaa. Hakuzunguka. Alisema kama mtu anayetapika kitu kilichomkaa tumboni.

"Breki ilizama. Ulisema kweli. Mpira ulivimba kwa ajili ya sifa. Sifa inaula mpira, inaufanya kama utumbo. Mie sikujua. Ililetwa Kobe ya mtu mwengine, breki laini, nikautoa mpira nikaubinya, ukanipasukia kidoleni. Nikachukua mpya, nikautia ndani ya kopo la sifa, nikauficha, nikawa nautazama. Ukavimba ule ule. Gari ya Vuga niliiua mie. Niliipaka kwa kiganja changu hiki."

Nikamsogelea.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Wakati ule nilipokwambia sichukui tena."

"Mbarouk alikuwa ndani bado!"

"Alikuwa ndani."

"Ukazunguka na ndoo mji mzima! Ukaokoa magari ya watu! Na korti iko Vuga, mwendo wa kikombe cha kahawa kutoka kwako!"

"Nilifika mpaka mlangoni," akasema. "Zaidi ya mara moja. Niliapa mbele ya watu wote, Mwanaidi. Sikujua vipi mtu anarudi pale akasema mkono wake... Nilisema niyasafishe kwanza magari yote, asife mwengine, halafu nitakwenda. Nikamaliza. Sikwenda."

Nilitaka kumpiga. Sioni haya. Nilitazama ile miguu yake iliyovimba nikaona hata pa kupiga hapana. Basi nikamgeukia ndugu yangu, nikifikiri: hasara imepita, lakini angalau hili atalipata. Atanyoosha mguu wake.

Mbarouk alikuwa anatabasamu, tabasamu dogo la adabu, kama unavyomtabasamia mgonjwa.

"Usijisumbue, Fundi. Nnajua unanionea huruma."

"Huruma gani? Nakwambia nimekosea!"

"Weye hukosei, Fundi."

"Nimekosea, Mbarouk! Wallahi nimekosea! Lete Msahafu, Mwanaidi, umo ndani, juu ya kabati, lete nimwapie!"

Nikasimama. Mbarouk akanishika upindo wa kanga.

"Kaa, Dada." Akamwambia Fundi, taratibu, bila ya uchungu wowote, na hiyo ndiyo iliyonivunja: "Ulishaapa. Viapo viwili, mie nishike kipi? Cha kwanza nshakifungwa. Nimekilala, nimekila, nimeamka nacho kila siku. Hiki cha pili nikifanye nini? Nikikiamini, ile miaka ilikuwa ya nini?"

Fundi akamnyooshea mkono.

"Nisamehe," akasema.

"Hujanikosea kitu," akajibu ndugu yangu. "Mungu akupe afya." Akaubusu mkono wake, akajitwika vikapu vyote viwili, changu na chake, akaanza njia ya mjini.

Nilibaki mie na Fundi. Alilia bila ya kujificha, mkono kauacha pale pale ulipobusiwa. Sikumfariji. Nilikwenda kwa sheha, mkubwa wa kijiji cha Fumba, nikamleta na wazee wawili wa msikiti, nikamwambia Fundi, "Sema tena." Akasema yote, mbele yao, kwa sauti. Wakasikia. Mjini nilipowapelekea habari watu wa korti wakanambia maradhi yamempanda kichwani, si ndiye yule aliyekuwa anaosha magari bure? Fundi akafa kabla ya masika kwisha. Nilikwenda kuzika, upande wa wanawake, na mkewe akanikumbatia, na harufu yangu hakuizibia pua na yeye.

Mbarouk aliishi miaka mingi baadaye. Nilimwambia habari ile tena na tena, kila nilivyoweza: kwa upole, kwa ukali, kwa kulia. Aliniitikia "Naam, Dada," mpaka siku yake ya mwisho, na mguu kaukunja chini yake.

Leo nna nyumba ya mawe Kikwajuni, vyumba sita, bati juu, na nyengine ndogo ninayoipangisha. Nna mashua mbili na sehemu ya tatu. Nna maghala mawili ya papa mkavu, Malindi na Mkokotoni. Nna shamba la minazi Bumbwini lenye kisima. Nna vitanda vinne vya mninga, makabati, na dhahabu ya kuwatosha wajukuu wa binti niliyemzaa baadaye, nilipoolewa tena. Nna kaburi moja Mwanakwerekwe, nimelizungushia saruji, la ndugu yangu. La Fundi liko Fumba, halina saruji, na palizi yake kila mwaka nalipa mie.